Mpisheni Mama Kijacho: Mwongozo kwa Abiria Aliyekaa

Kwanza kabisa, usilitazame tumbo.

Najua umeshalitazama. Umekaa siti ya upande wa njia, daladala imesimama Tazara, na nimepanda mimi: mwanamke wa miaka 43, kilo 118, dera la zambarau, mkoba kwapani, jasho linanitiririka tangu kituoni. Konda amenisukuma mgongoni kwa kiganja kama mtu anayefunga buti la gari lililojaa mizigo. Nimeshika bomba. Tumbo langu limefika usawa wa pua yako kabla uso wangu haujafika popote. Na wewe, kwa kuwa ulilelewa ukaleleka, roho imeanza kukusuta. Nimpishe? Nisimpishe? Ana mimba huyu, au ni bonge tu?

Swali hilo nimeliona likipita kwenye nyuso za watu mara nyingi kuliko matangazo ya mitandao ya simu, na ndilo limenifanya niandike mwongozo huu. Magari ya Gongo la Mboto nimeyapanda miaka 18. Nimepishwa na wanafunzi, nimepishwa na askari magereza, nimepishwa siku moja na bibi mwenye mkongojo, na siku hiyo nilitamani niruke gari likiwa mwendoni. Nimenyimwa pia, tena na watu waliopitiwa na usingizi mzito sekunde ileile niliyoweka mguu mlangoni. Wengine husoma wakiwa wamekaa darasani. Somo hili mimi nimelisoma nikiwa nimesimama.

Juu ya kukisia

Abiria wazoefu watakuambia dalili zipo. Mjamzito huweka mkono tumboni. Mimi pia naweka, kwa sababu mkono lazima ukae mahali na ule mwingine umeshika bomba. Mjamzito huvaa dera. Dar es Salaam nzima inavaa dera. Mjamzito huvaa kandambili maana miguu imevimba. Yangu imevimba tangu 2015. Mjamzito hupumua kwa mdomo. Panda ngazi za basi la Eicher na kilo zangu, halafu ndiyo tuzungumze habari za pua.

Dalili pekee ya kuaminika ni kadi ya kliniki, na hiyo huwezi kumwomba mtu akuoneshe.

Waingereza, watu ambao ndani ya treni hawasemeshani hata moto ukiwaka, walilimaliza jambo hili kwa maandishi. Tangu 2005 mamlaka ya usafiri ya London inawagawia wajawazito beji bure, inayotangaza kwamba ndani mna mtoto. Mwaka 2017 wakaongeza beji ya bluu kwa wale ambao ugonjwa au ulemavu wao hauonekani kwa macho, inayoomba kupishwa kiti. Mwenye beji anasimama, mwenye macho anasoma, yanaisha.

Sisi hatuna beji. Tuna konda. Na konda hakisii, konda anatangaza.

"Jamani eeh, mpisheni mama kijacho!"

Ilikuwa Machi, miaka mitatu na ushee iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Gari limejaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Kijana mmoja siti ya tatu alishaanza kunyanyuka, makalio yako hewani, shingo imeinama chini ya paa. Watu wote wamenigeukia kwa ule upole ambao daladala huutoa mara moja kwa wiki. Hapo nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, niseme ukweli: jamani sina mimba, ni unene. Jaribu siku moja uone kimya kitakachoshuka. Kijana atabaki hewani, hajui arudi chini au aendelee kupanda. Konda atatafuta la kusema, na akilipata litakuwa baya zaidi. Ya pili, nikatae kwa adabu, nisimame hadi mwisho wa safari. Ya tatu, nikae.

Magoti ndiyo yaliyopiga kura. Madaktari wa mifupa wanasema kila kilo moja ya mwili, goti hulipokea kama kilo nne kila unapopiga hatua. Piga hesabu mwenyewe na za kwangu, mimi nimechoka. Nikakaa.

Mama wa pembeni yangu, mwenye ndoo ya dagaa mapajani, akanigeukia kwa furaha. "Wa ngapi huyu?"

"Wa tatu," nikasema. Ninao wawili kweli, kwa hiyo uongo ulianza ukiwa mdogo.

"Miezi?"

"Saba."

Akaliangalia tumbo kama fundi anayekagua injini. "Wa kiume huyo. Limechongoka." Kilichochongoka kilikuwa ubwabwa na maharage ya mchana. Kisha, kabla sijajua la kufanya, akaweka kiganja juu ya dera langu na kusoma dua fupi, midomo ikichezacheza, harufu ya dagaa ikitupitia sote wawili. Nikaitikia amina. Sijui dua ile ilikwenda wapi.

Mwili wenye majina mengi

Kabla hujampisha mtu ni vizuri ujue unampisha nani. Wizara ya Afya ina neno lake, kiribatumbo, na mara ya kwanza nilipoliona kwenye bango la kliniki nilidhani ni aina ya minyoo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji safarini. Aliyelitunga neno hilo alimtazama mtu kama mimi akaona mfuko wa maji unaotembea. Sikukasirika sana, kiriba angalau hakitupwi njiani.

Muuguzi alinipima. Kilo 118, urefu mita 1.63. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu mara urefu. Ikifika 25 umezidisha uzito, ikifika 30 umeingia kwenye kiribatumbo. Yangu ilitoka 44. Akaiandika kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili, kama mwalimu aliyemfumania mwanafunzi ananakili. Baadaye nikaja kusoma kwamba kanuni hiyo chimbuko lake ni mwaka 1832, kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa nyota na takwimu, ambaye hakuwa daktari hata kidogo. Alikuwa anamtafuta mtu wa wastani, basi, kwa vipimo vya Wazungu wenzake. Jina linalotumika leo, BMI, ililipata kwa Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Ni kipimo kizuri cha kuhesabia watu wengi kwa mkupuo. Kwa mtu mmoja mmoja hakisemi mafuta yamekaa wapi na misuli ni kiasi gani, wala kama ana uwezo wa kusimama kutoka Tazara hadi Mombasa ile ya Ukonga.

Kwa mkupuo, basi: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na hali hii. Ndani ya Coaster ya watu 30 hao ni karibu 4, na saa kumi na mbili jioni siti zilizo wazi hazifiki 4.

Sababu zake utazisikia bila kuuliza, maana kila abiria anazo. Wa nyuma atasema ni chipsi mayai. Wa mbele atasema ni soda. Yule anayepitisha dawa madirishani atasema ni gesi, na chupa ni elfu tano. Daktari wangu alikwenda mbali kidogo: urithi (mapaja haya yalikuwa ya bibi mzaa mama, mimi nimeachiwa tu), kazi ya kukaa, usingizi wa saa tano kwa sababu ya foleni, baadhi ya dawa, na ubishi wa mwili wenyewe. Mwili ukishanenepa huutetea unene wake. Ukipunguza chakula, njaa inapanda na matumizi yanashuka, kama familia inayofunga mkanda mwisho wa mwezi. Nimepunguza kilo 14 mara tatu katika maisha yangu. Zilirudi zote, na safari ya mwisho zilikuja na wageni.

Lakini wiki ileile niliyopigiwa mistari miwili, nilikwenda kwetu Muheza. Shangazi alinipokea kwa kigelegele. "Umejaa, mwanangu! Mjini kumekukubali!" Akanizungusha mbele ya majirani kama gari jipya. Shangazi yangu anakumbuka miaka ya tisini, wakati mtu akikonda kidogo tu watu walinong'ona kwamba amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Waganda ugonjwa ule waliuita slim kwa sababu hiyohiyo. Amezika wadogo zake wawili waliokwisha mpaka wakabebwa kama fito. Kwake yeye kilo zangu ni habari njema: huyu sitamzika mimi. Ndiyo maana mpaka leo mtu mnene mitaani anaitwa mwenye afya. Yule dada mwenye afya, anayeuza mkaa. Na anayesema hivyo hatanii.

Wanaume wao unene wao una cheo. Mwanamume akiwa na kitambi anaitwa bosi, na harusini anawekwa meza ya mbele hata kama hakuna anayemfahamu. Shida yake huanza daladalani, maana huko anaulizwa gari liko gereji gani.

Namna ya kupisha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni ni moja, na nimeilipia kwa miaka 18: pisha kwa miguu, si kwa mdomo.

Bingwa wa jambo hili niliyepata kumwona alikuwa mwanafunzi wa sekondari, shati limechomolewa, begi limeshonwa kwa uzi mweusi. Nilipanda Tazara. Hakunitazama tumboni wala usoni. Alisema tu "shusha", akainuka kama mtu aliyefika kwao, akajipenyeza hadi mlangoni. Siti ikabaki wazi, nikaikalia, mimi ni mtu niliyepata siti, basi, sina deni na mtu. Gari likaondoka. Tulipofika Banana nikachungulia nje kupitia dirishani, nikaona kiwiko na begi lenye uzi mweusi: mtoto yule alikuwa bado ananing'inia mlangoni na makonda. Hakuwa anashuka Tazara wala karibu na Tazara. Alishuka Mombasa, vituo kadhaa mbele. Sijawahi kumwona tena. Kama mama yake anasoma hapa, ajue kazi aliifanya.

Wengi hawatafikia kiwango hicho, kwa hiyo ukishindwa sema "karibu ukae, mama", uishie hapo. Usiongeze sababu. Kinachoumiza katika kupishwa ni maelezo. "Kaa mama, naona unahema." "Kaa mama, usije ukatuangukia." "Kaa tu, maana umeziba njia." Huyu wa mwisho huwa amesema kweli, na bado namkumbuka. Usiseme pia "kaa, bibi", isipokuwa uko tayari kupokea siku hiyohiyo uchungu wa miaka na wa kilo kwa pamoja. Na kama wewe ni mdogo kwake, shikamoo kwanza. Ukimwamkia, kupisha kwako kunakuwa heshima ya umri, na heshima ya umri Mswahili yeyote anaipokea bila kujieleza.

Akikataa? Kwetu kukataa mara ya kwanza ni adabu, hakuna maana yoyote. Mwambie tena mara moja. Akikataa mara ya pili ana sababu zake, na sasa nitakupa moja ambayo waliokaa hawaijui.

Siti unayompa huenda ni mtego. Ukimpisha mtu mnene ukasogea wewe dirishani, sawa. Ukimwambia apite aingie yeye dirishani, umemfungia. Siti ya daladala ya watu wawili imepimwa kwa ajili ya watu wawili wa Quetelet. Nikiingia ndani, wa nje anabaki na shavu moja hewani, mguu njiani, anatweta kwa uchungu kila gari linapokata kona, na mimi nimebanwa na bodi la gari mpaka skrubu za dirisha naziandikia wosia. Halafu Banana ifike. Kutoka dirishani hadi njiani ni lazima wa nje asimame, wa njiani wakunje matumbo, mwenye ndoo anyanyue ndoo, na konda apige bati akisema, "Mama, tungeshafika Pugu!" Mara nyingi kwa safari ya vituo vitatu nasimama, na nasimama kwa amani yangu. Kiti cha kukunja cha njiani usinioneshe hata kwa mbali. Na ile benchi ya nyuma, ambako konda husisitiza wakae watano, nikikaa mimi huwa tunakuwa wanne na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni ule wa nauli mbili. Kila konda amewahi kuutania, na wachache hawatanii. Duniani watu wameshaubishania kwa uzito, naomba radhi kwa neno hilo. Shirika dogo la ndege la Samoa Air lilisikika mwaka 2013 likiwatoza abiria nauli kwa kilo, kama mahindi. Kanada ilikwenda upande wa pili: mamlaka yao ya usafiri iliamua mwaka 2008 kwamba katika ndege za ndani, mtu ambaye unene wake umekuwa ulemavu na anahitaji viti viwili, atalipa nauli moja. Nimewasomea makonda wawili uamuzi huo. Mmoja alitaka kujua Kanada ni kituo cha wapi.

Sisi wenyewe tunajitafutia siti vipi? Kuingilia dirishani, kama vijana wanavyofanya Kariakoo gari likiwa halijasimama, hatuwezi, na ambaye angejaribu angelifanya gari lisimame kabisa. Kwa hiyo tunageuza nalo. Unapanda gari linaloelekea mjini wakati wewe unakwenda nyumbani, unalipa, unafika nalo mwisho, watu wanashuka, unachagua siti, unalipa tena. Mwaka mzima nimegeuza na magari kiasi kwamba najua vituo vya upande wa pili kuliko vya kwangu. Hiyo ndiyo nauli mbili ninayoilipa, na hakuna anayeiona.

Viti vingine, kwa kifupi

Bodaboda: dereva anatazama tairi la nyuma, ananitazama mimi, halafu ndipo anataja bei. Simlaumu, ni tairi lake.

Bajaji: ukiwa wa tatu na ndani nimekaa mimi na mwenzangu, subiri nyingine.

Matatu za Nairobi sizifahamu sana, ila binamu yangu anaishi huko na ndiye aliyenisimulia zile sheria za waziri Michuki za mwaka 2004. Kabla ya sheria hizo watu waliambiwa wakae skwea, yaani nyonga moja mbele na nyingine nyuma, kama vitabu kwenye kabati dogo. Sheria zikaja: idadi ya abiria iwe ileile ya viti, na kila mmoja afunge mkanda. Binamu yangu, mwenye afya kunizidi, akafurahi kwa nusu. Kiti kizima akakipata. Mkanda ukamfika katikati ya tumbo, ukagoma. Wakikaribia askari alikuwa anaushika kwa mkono, anatabasamu kama mtu aliyefungwa.

Kiti cha plastiki ni sura nzima peke yake. Ni kiti cha msiba, cha harusi, cha kanisa la hema, cha mkutano wa mtaa, na kimebuniwa na mtu aliyeamini kwamba hakuna mnene atakayewahi kufiwa. Kwanza kinatoa mlio mdogo, "ka". Halafu miguu ya nyuma inaanza kutanuka polepole juu ya vigae. Dawa yake inajulikana Afrika Mashariki yote: pachika viti viwili. Tofauti iko kwa mwenyeji. Kuna mwenyeji anayekuona langoni, anapachika viti viwili mwenyewe, anakaa kwenye kingine kilichopachikwa vilevile ili usiwe peke yako kwenye kile kinara, na anakuuliza habari za watoto. Na kuna yule anayepiga kelele kutoka jikoni, "Leteni kingine, hicho hakitamuweza!"

Chenye mikono ni hatari zaidi, kwa sababu hakivunjiki. Nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, shule ya mwanangu wa pili, na nilikuwa na hoja nzito kuhusu mchango wa chakula. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akaniita, nikasimama. Kiti nacho kikasimama. Mikono yake ilikuwa imenishika nyonga kama mtoto asiyetaka kuachwa, na miguu minne imenyooka nyuma yangu kuwaelekea wazazi wa mstari uliofuata. Nikasema hoja yangu yote nikiwa hivyohivyo. Michango ya chakula ililipwa mara mbili mwaka ule, risiti ya kwanza ilikuwa haina muhuri, na kadhalika. Nilipomaliza, baba mmoja nyuma yangu, mtu mzima, kofia ya kazi kichwani, alishika miguu miwili ya kile kiti bila neno, akakivuta chini taratibu, akanikaliza nacho. Kisha akanyoosha mkono naye: "Namuunga mkono mama aliyetangulia." Hoja ikapita.

Usimpe na ushauri

Utashawishika, ukishampisha, umpe na ushauri. Maji ya moto na limao alfajiri. Tangawizi. Kitunguu saumu. Kuna dada mmoja jirani yako alikatwa utumbo India, sasa amekuwa mwembamba kama wewe. Ameshayasikia yote, na mengine ameyanywa. Ukiwa umempisha siti, umempa siti, usianze kuidai.

Konda, mwezi wa nne na kuendelea

Yule konda wa Machi hakunisahau. Makonda wanasahau chenji tu. Aprili nzima nikitokea tu kituoni anapiga bati: "Mama kijacho wangu! Mbele hapo, mwondokeni!" Siti ya mbele kwa dereva, ile ambayo kwa kawaida huwa ya warembo, ikawa yangu. Miguu ikapumzika, nikaanza kufika nyumbani nikiwa na nguvu ya kupika. Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Mei ikafika, mimba ikawa na miezi 9. Juni, 10. Mwanzoni mwa Julai aliniangalia kwa wasiwasi wa kweli akasema, "Mama, umewaona madaktari lakini?"

Nikahamia magari mengine wiki sita. Nilikuwa natembea hadi kituo cha pili ili nisikutane naye, na huo, daktari wangu angefurahi kusikia, ndio ulikuwa mwendo mrefu niliowahi kuufanya kwa hiari. Agosti, jua kali, nimesahau, nimepanda gari, na nani yuko mlangoni.

"Umejifungua!" Alisema gari zima lisikie. Tumbo lilikuwa lilelile, ila aliyeamua kuona ameshaamua. "Salama?"

"Salama," nikasema.

"Wa kiume?"

"Wa kiume." Mama wa dagaa alishalipitisha.

"Anaitwa nani?" Nikataja jina la marehemu babu yangu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Konda akafurahi kupita kiasi: lilikuwa jina la baba yake mdogo. Akakataa nauli yangu. Halafu akachomoa noti ya elfu mbili kutoka kwenye kile kitita alichokikunja baina ya vidole, akanipenyezea kiganjani. "Ya sabuni ya wajina."

Abiria wakatabasamu. Hela ya sabuni hairudishwi; kuirudisha ni kumtukana mtu, na kumtukana konda aliyenipisha siku mia mbele ya watu sikuweza. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikanunua sabuni kweli, mche mzima, nikaufulia madera.

Siku hizi ananiamkia kwa jina la yule mtoto. Mama fulani, karibu mbele. Nimeshamuugulisha surua, nimeshamwotesha meno, na mwaka jana nilimpeleka kwa bibi yake Muheza miezi miwili ili nipumzike kuulizwa. Ijumaa iliyopita, tukiwa tumekwama Jeti kwenye foleni, aliingiza kichwa dirishani akaniambia mke wake amefungua shule ya awali huko Pugu, ada ni nafuu, na huyo wajina atasoma bure mwaka wa kwanza. Nilete tu picha mbili za pasipoti na cheti cha kuzaliwa.